Kulirudisha barabarani gari lililowekwa SORN

Gari lililo kwenye SORN, yaani lililotamkwa rasmi kwamba halitumiki barabarani hapa Uingereza, haliombewi ruhusa ya kutoka. Hakuna fomu ya kufuta tamko hilo, wala barua ya kuwaandikia DVLA, idara ya leseni na usajili wa magari, kule Swansea. Siku utakapolilipia kodi ya barabara, SORN inajifuta yenyewe, na makaratasi yote huisha kwa dakika chache kwenye simu. Ndiyo maana wengi hulichukulia jambo hili kwa wepesi, kisha wakakwama. Ugumu uko kwenye mfuatano. Kodi hailipiki kama MOT, yaani cheti cha ukaguzi wa lazima wa usalama wa gari, imekwisha. MOT haipatikani mpaka gari lifike kwenye gereji ya ukaguzi. Gari haliwezi kwenda huko kihalali bila bima. Na safari ambayo sheria inakuruhusu kulitembeza bila kodi ni ile ya MOT uliyoiwekea miadi mapema.

Kwa hiyo hakuna kulijaribu gari barabarani kwanza ili usikie breki zinashikaje. Mara ya kwanza magurudumu yanapogusa lami ya umma, unaelekea kwenye ukaguzi, na gari linatakiwa liwe salama tangu mita ya kwanza. Kazi yote hufanyika uani. Ukilishika hilo, mengine yanajipanga.

Haya ninayoandika ni ya England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini hutumia DVLA hiyohiyo kwa kodi na SORN, lakini MOT ya huko hufanywa kwenye vituo vya DVA, idara ya magari ya huko, si gereji za watu binafsi, na gari jipya huanza kukaguliwa likifika miaka 4, wakati kwingine ni miaka 3.

SORN inakuruhusu nini, na haikuruhusu nini

Utaratibu huu ulianza tarehe 31 Januari 1998. Zamani ulilazimika kulirudia tamko kila mwaka. Tangu Desemba 2013 ukishatamka limetamkwa, linabaki mpaka ulipe kodi, uuze, ulisafirishe nje moja kwa moja au ulipeleke kuvunjwa. Ndiyo maana yako magari yaliyolala miaka mingi bila barua yoyote kuja, na mwenyewe akasahau hata MOT iliisha lini.

Gari la SORN linakaa mahali pa faragha: kwenye karakana, uani, au kwenye kiwanja cha mtu aliyekubali. Haliegeshwi barabarani hata kwa usiku mmoja, na gurudumu lililopanda ukingo wa njia ya miguu halikutoi kwenye barabara. Kuliendesha nje ya safari ya MOT kunaweza kukufikisha mahakamani, na faini yake hufika pauni 2,500. Usidhani hakuna anayejua. Kamera za polisi husoma namba na kuzilinganisha na kumbukumbu za kodi na bima papo hapo.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la kamba. Mtu anafunga gari la SORN nyuma ya gari la rafiki yake na kulivuta hadi kwa fundi, akiamini kwamba kwa kuwa injini imezimwa basi haliendeshwi. Magurudumu yake yako barabarani, kuna mtu kwenye usukani, na kisheria ni gari linalotumika barabarani. Kama halijafaa kutembea lenyewe, lipandishwe juu ya trela au lori la kubebea magari. Gereji nyingine hutuma fundi mwenye namba za biashara, zile za muda za wafanyabiashara wa magari, aje alichukue. Hilo pia ni sawa, alimradi masharti ya namba zake yanaruhusu.

Kabla ya kushika spana

Fungua ukurasa wa serikali wa historia ya MOT, weka namba ya gari, na usome ukaguzi wa mwisho wote, hasa yale mashauri ya mkaguzi ambayo hayakulifanya gari lianguke ukaguzi siku ile. Hii ni huduma ya bure na ndiyo orodha yako ya kwanza ya kazi. Kama mkaguzi aliandika kwamba mabomba ya breki yana kutu kidogo, au bushi za mkono wa chini zimeanza kupasuka, basi baada ya miaka mitatu ya kulala uhesabu kwamba kutu imeendelea na bushi zimechoka. Gari lililosimama halipumziki. Raba zinakauka, unyevu unaingia kwenye chuma, na hakuna joto la injini la kuukausha.

Halafu tafuta V5C, yaani kadi ya gari. Angalia jina na anwani. Kama ulihama bila kubadilisha anwani, badilisha sasa, ni bure. Kama kadi imepotea, nyingine huombwa kwa pauni 25, na ni busara kuiomba mapema kabla hujaweka miadi yoyote, kwa sababu namba yake ya tarakimu 11 ndiyo utakayolipia kodi. MOT yenyewe haihitaji kadi.

Ulilinunua likiwa kwenye SORN? SORN ya muuzaji haikurithishwi. Tangu siku ulipolinunua ulipaswa kutamka SORN yako mwenyewe au kulilipia kodi. Kipande cha kijani anachobaki nacho mnunuzi, V5C/2, kina namba ya tarakimu 12 unayoweza kulipia kodi wakati kadi yako mpya ikisubiriwa.

Kwa wanaokaa London kuna jambo jingine. Tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ, yaani la tozo kwa magari yenye moshi mchafu, lilipanuliwa likafika mitaa yote ya jiji. Gari lililolazwa kabla ya hapo huko pembezoni linaweza kuamka ndani ya eneo la tozo. Kwa kawaida gari la petroli linatakiwa lifikie kiwango cha hewa chafu cha Euro 4 na la dizeli Euro 6. Lisilofikia hutozwa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea, na safari ya MOT haina msamaha. Angalia namba yako kwenye ukurasa wa Transport for London kabla hujanunua hata filta moja, kwa sababu jibu lake linaweza kukubadilisha nia ya kulifufua gari lenyewe. Ukiliendesha, una mpaka usiku wa manane wa siku ya tatu baada ya safari kulipa tozo hiyo.

Mafuta, betri, na kuliwasha

Petroli ya E10, ambayo imekuwa ya kawaida Uingereza tangu Septemba 2021, ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli huvuta unyevu. Ikikaa sana kwenye tangi lililo nusu, maji hujitenga na kuzama chini, hapohapo pampu inapofyonza. Kama gari limelala zaidi ya mwaka, usilitegemee tangi hilo. Nyonya mafuta yote, weka lita 10 mpya, na badilisha filta ya mafuta kama ni ya kubadilishwa. Gari la zamani lisilofaa kwa E10 lipewe E5, ile ya bei ya juu. Mafuta mabovu yapelekwe kwenye kituo cha taka cha halmashauri. Usiyamwage kwenye mfereji.

Dizeli hukaa vizuri kuliko petroli, lakini ikiwa na maji huota uchafu mweusi unaoziba filta. Fungua filta uone. Ute mweusi ukikutana nawe, tangi lisafishwe kwanza.

Betri nzima iliyojaa husoma takriban volti 12.6 ikiwa imepumzika. Iliyo chini ya 12.4 inataka chaji. Iliyokaa chini ya 12 kwa miezi mingi huwa imeshakufa ndani, na hata ikichajiwa ikaonyesha 12.6 itaanguka mara tu stata ikiivuta. Ipimwe kwa kifaa cha mzigo, au badilisha tu. Gari likiwaka, pima tena: wastani wa volti 13.8 hadi 14.7 ni dalili kwamba alternata inachaji, ingawa magari mapya hupandisha na kushusha volti kwa akili yao. Magari ya umeme nayo yana betri ndogo ya volti 12, na mara nyingi ndiyo inayoyafanya yaonekane yamekufa kabisa.

Usikimbilie ufunguo. Oili ya zamani imeshuka yote kwenye sampu na sehemu za juu ni kavu. Badilisha oili na filta kwanza. Magari madogo mengi huchukua lita 4 hadi 5, kiasi kamili kimo kwenye kitabu. Kwa injini ya petroli iliyolala miaka, toa plagi, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye kila silinda, kisha izungushe injini kwa mkono, spana ikiwa kwenye pulei ya chini, mizunguko miwili kamili. Ikigoma, usilazimishe. Ikizunguka vizuri, ondoa fyuzi ya pampu ya mafuta na uizungushe kwa stata, sekunde 10 kwa wakati, mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe plagi na fyuzi. Kwa dizeli usiweke oili kwenye silinda. Nafasi juu ya pistoni ni ndogo mno.

Kabla ya hapo jiulize kuhusu mkanda wa taimingi. Huwa na kikomo cha maili na kikomo cha miaka, na wengi hukumbuka maili tu. Gari lenye maili 40,000 na mkanda wa miaka 12 limepita kikomo. Ukikatika, kwenye injini nyingi vali hugonga pistoni na injini imekwisha. Wenye dizeli wasikie zaidi: kipimo cha moshi cha MOT huipandisha injini hadi mwisho wa mzunguko wake, na mkaguzi ana haki ya kukataa kukifanya akiona hali ya injini haieleweki. Badilisha mkanda pamoja na roli zake, na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huohuo.

Maji ya rejeta ya zamani hupoteza uwezo wa kuzuia kutu. Mwaga yote, jaza mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kulanti na maji yaliyoondolewa madini. Huo hukinga dhidi ya kuganda hadi takriban nyuzi 37 chini ya sifuri. Kwenye kuliwasha sasa, milango ya karakana iwe wazi kabisa. Moshi wa ekzosi ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Baada ya kuwaka, liache lipate joto hadi feni ijiwashe yenyewe, huku ukimulika chini kutafuta mivujo. Angalia pia nyaya. Panya hupenda joto la chini ya boneti, na waya uliotafunwa nusu unaweza kufanya kazi leo na kukata kesho.

Breki, na hapa usiwe na haraka

Kama una siku moja tu ya kazi, itumie hapa. Inua gari, liweke juu ya stendi (jeki peke yake haitoshi kamwe), na uondoe magurudumu yote manne.

Kutu nyepesi ya rangi ya machungwa juu ya diski hufutika kwa kukanyaga breki mara chache. Kutu iliyochimba mashimo haifutiki, na mara nyingi iko upande wa ndani ambao hauonekani bila kioo na tochi. Diski yenye mashimo, au ukingo unaobanduka, ibadilishwe pamoja na mwenzake wa upande wa pili na pedi mpya. Toa pini ambazo kalipa huteleza juu yake, zisafishe mpaka zing'ae, zipake grisi ya breki isiyoharibu raba. Pini iliyokwama huifanya pedi moja ifanye kazi na nyingine itazame. Sukuma pistoni irudi ndani polepole kwa klampu. Ikirudi kwa kukwaruza, au raba yake ya vumbi imepasuka na kuna kutu, kalipa hiyo ni ya kubadilisha.

Breki ya mkono hukwama kwa sababu gari liliegeshwa likiwa limefungwa. Viatu vya ndani hushikana na ngoma, au pedi na diski. Legeza kebo kabisa, gonga ukingo wa ngoma kwa nyundo ya raba huku ukiizungusha. Usiivute kwa nguvu ya injini: kiatu kinaweza kuachana na bitana lake, na utasikia gurudumu limefunguka kumbe breki imevunjika ndani.

Maji ya breki huvuta unyevu kutoka hewani hata gari likiwa limesimama, na kawaida hubadilishwa kila miaka 2. Lita moja ya DOT 4 inatosha kusafisha mfumo wa gari dogo. DOT 5 ya silikoni haichanganywi nayo. Unapotoa upepo kwenye mfumo kwa kukanyaga pedali, weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Sababu ni hii: ndani ya silinda kuu, sehemu ambayo pistoni haikuwa ikifika kwa miaka imeota kutu, na ukiisukuma hadi huko kingo za sili hukatwa. Breki iliyokuwa nzima asubuhi huanza kuzama jioni, na mtu hulaumu maji mapya.

Mabomba ya chuma yafuatwe kwa tochi kutoka mbele hadi nyuma, hasa yanapopita juu ya tangi na ekseli ya nyuma, ambako chumvi ya barabarani hujikusanya. Bomba lililovimba kwa kutu halipakwi grisi na kuachwa. Linabadilishwa, na la shaba yenye nikeli halishiki kutu. Mipira ya kunyumbulika nayo huvimba kwa ndani. Dalili yake ni gurudumu linalobaki limeshikwa baada ya kuachia pedali, lakini ukifungua nipeli ya kutolea upepo linaachia mara moja.

Kisha pima. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie kwa nguvu dakika nzima. Ikizama polepole, kuna mvujo au sili imekufa, gari halitoki. Ikiwa bado umekanyaga, washa injini: pedali inapaswa kushuka kidogo, ndiyo sevo, kile kisaidizi cha breki, inafanya kazi. Mwisho, lisogeze mbele na nyuma mita chache hapo uani na ulisimamishe mara nyingi.

Nalisisitiza hili kwa sababu mashine ya MOT haidanganyiki. Gari lililoanza kutumika tangu Septemba 2010 linatakiwa lifikishe ufanisi wa breki wa asilimia 58. La kabla ya hapo, kwa magari mengi, asilimia 50. Breki ya mkono kwa kawaida ni asilimia 16. Na magurudumu ya ekseli moja yasipishane sana: moja likishika chini ya asilimia 70 ya mwenzake, limeanguka, likiwa chini ya nusu kwenye ekseli ya mbele, hilo huandikwa kuwa hatari. Kalipa moja iliyokwama inatosha kukupatia matokeo hayo hata kama tatu zilizobaki ni mpya.

Matairi, kutu na taa

Kina cha meno ya tairi kisipungue milimita 1.6 kwenye robo tatu ya katikati ya upana, kuzunguka tairi lote. Matairi ya gari lililolala huwa na meno ya kutosha. Shida ni ubavu. Yajaze upepo, zungusha kila moja, tafuta nyufa. Nyufa zinazofika kwenye nyuzi huangusha. Umri wake umeandikwa ubavuni mwishoni mwa namba ya DOT: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Hakuna sheria ya umri kwa matairi ya magari madogo ya kawaida, lakini maoni yangu ni kwamba tairi la miaka 10 lililokaa limebeba gari mahali pamoja halifai kwenda kasi ya barabara kuu, lipite MOT au lisipite.

Chini ya gari, gonga kwa mpini wa bisibisi kwenye vizingiti, pembe za fremu na mahali mikanda ya usalama inapofungwa. Kutu iliyotoboa ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye kishikio cha mkanda, cha springi au cha mikono ya chini huangusha, na dawa yake ni kuchomelea chuma. Kuziba kwa gundi na kupaka rangi nyeusi hakukubaliki, na mkaguzi anajua kutafuta. Angalia pia raba zinazofunika jointi za magurudumu, springi kama zimekatika, na shokomzoba kama zina mvujo.

Yale madogo ndiyo huwaaibisha watu bure. Maji ya kuoshea kioo yajazwe. Waipa zilizokauka zibadilishwe. Honi ilie. Taa ya namba ya nyuma iwake. Mikanda ivutwe hadi mwisho na irudi. Kioo cha mbele kisiwe na mpasuko unaozidi milimita 10 kwenye ukanda wa mbele ya dereva, wala 40 sehemu nyingine inayopanguswa na waipa.

Taa za onyo kwenye dashibodi, yaani injini, ABS, mfumo wa kulizuia gari kuteleza na mifuko ya hewa, zikibaki zinawaka huangusha. Hapa betri iliyokatwa muda mrefu huleta usumbufu: magari mengi huwasha taa ya mfumo wa kuzuia kuteleza mpaka kihisi cha usukani kijifunze upya. Mara nyingi kuuzungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na kutembea mita chache hutosha. Isipotosha, itahitaji mashine ya kusomea hitilafu. Zisifutwe kwa kutoa balbu. Mkaguzi hutazama kama taa inawaka kwanza ndipo izime.

Bima, miadi, na safari yenyewe

Bima ya gari lililolazwa hugharamia moto na wizi tu. Haikupeleki MOT. Pigia kampuni, waambie gari linarudi barabarani, na bima kamili ianze siku ya miadi au siku moja kabla. Taja mabadiliko yoyote ya gari. Kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni, na polisi wanaweza kulichukua gari. Jina lako huweza kuchelewa siku kadhaa kuingia kwenye hifadhidata ya bima, kwa hiyo weka cheti kwenye simu.

Weka miadi kwa njia inayoacha ushahidi, kama ujumbe au barua pepe yenye namba ya gari, tarehe na saa. Bei ya juu kabisa ya MOT ya gari dogo ni pauni 54.85. Sheria haijaweka idadi ya maili, lakini safari iwe ya kwenda huko kweli, bila kupitia dukani wala kwa ndugu. Chagua gereji ya karibu. Najua wapo wanaopendelea ya mbali ili katalaiza, kile kisafishaji cha moshi kwenye ekzosi, ipate joto kwa ajili ya kipimo cha hewa chafu, mimi siafiki. Breki ambazo hazijajaribiwa hazistahili maili 20. Mwombe mkaguzi aipandishe injini hadi takriban mizunguko 2,500 kwa muda kabla ya kupima. Kwa gari la petroli lenye katalaiza, kikomo cha kawaida kwenye mzunguko wa juu ni monoksidi ya kaboni asilimia 0.2 na lamda, yaani kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta, kati ya 0.97 na 1.03; tundu dogo kwenye ekzosi lililoota wakati gari limelala huiharibu lamda hata kama injini ni nzima.

Likianguka, soma limeanguka kwa daraja gani. Tangu Mei 2018 kasoro hugawanywa kuwa hatari, kubwa na ndogo. Kasoro hatari maana yake haliendeshwi hata hatua moja. Litengenezwe hapohapo au libebwe. Kasoro kubwa bila hatari inakuruhusu kulipeleka mahali ulipokwisha kupanga litengenezwe, mradi liwe salama na lina bima. Rahisi zaidi ni kuliacha gereji hiyohiyo: likitengenezwa hapo na kukaguliwa upya ndani ya siku 10 za kazi, marudio ya sehemu zilizoanguka ni bure. Kwa SORN hii ina faida mara mbili, kwa kuwa hupangi safari nyingine bila kodi.

Kodi, ukiwa bado gerejini

Likipita, usiondoke. Matokeo huingia kwenye mfumo mara moja. Ukiwa na namba ya tarakimu 11 ya V5C, lipa kodi kwenye ukurasa wa serikali ukiwa umesimama hapohapo, kisha uendeshe kurudi nyumbani ukiwa huru kupita popote. Hakuna stika ya kubandika. Ziliondolewa tarehe 1 Oktoba 2014. Ofisi ya posta inayoshughulikia kodi nayo itakuhudumia.

Kodi huhesabiwa kuanzia tarehe 1 ya mwezi unaolipa. Ukilipa tarehe 29, umelipia mwezi mzima kwa siku mbili. Kwa hiyo, kama huna haraka, MOT iwe mwanzoni mwa mwezi. Kulipa kwa awamu kupitia benki, kila mwezi au kila miezi 6, huongeza asilimia 5. Magari ya umeme hayana tena msamaha tangu tarehe 1 Aprili 2025, hivyo aliyelilaza lake kabla ya hapo ajiandae. Kuanzia SORN inapojifuta, gari linatakiwa liwe na bima muda wote hata likiwa limeegeshwa tu. Usikatishe ile ya siku ya MOT.

Gari lililotimiza miaka 40, na halikubadilishwa sana ndani ya miaka 30 iliyopita, kwa kawaida limesamehewa MOT, na likiwa kwenye daraja la kihistoria kodi yake ni sifuri. Sifuri hiyo nayo lazima uiombe. Bila hivyo SORN inabaki na gari bado ni haramu barabarani. Lipie hiyo sifuri, weka bima, kisha lipeleke MOT kwa hiari yako. Gari la umri huo ndilo linalohitaji jicho la pili kuliko yote.

Baada ya maili 50 za kwanza, kaza tena nati za magurudumu kwa spana ya kipimo, gusa kila rimu kwa tahadhari baada ya safari ili ujue kama kuna moja ya moto kuliko wenzake, na angalia kiwango cha maji ya breki. Kikishuka bila pedi kuisha, rudi chini ya gari na tochi siku hiyohiyo.